Kutoka Moshi hadi Ngome ya Yesu: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Makumbusho ya Mambo ya Kale Mombasa

Mtu wa Moshi anayetamani kuona kwa macho yake vyombo vya kale vya pwani ya Waswahili hana haja ya kungoja safari ya mbali. Barabara inayopita Himo, Holili, Taveta na Voi humfikisha Mombasa baada ya takribani kilomita 300, ambazo ni chache kuliko zile za kwenda Dar es Salaam, na ukingoni mwa Mji wa Kale, mbele ya bahari, ataikuta Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus, yenye makumbusho ndani ya kuta zake. Nimekwenda huko mara kadhaa, mara nyingine nikiwa na wanafunzi wa sekondari na mara nyingine na ndugu zangu, na jambo moja limekuwa likijirudia kila safari: wageni hupiga picha kando ya mizinga, hupanda ukutani kutazama maji, kisha hupita mbele ya makabati ya kioo kwa dakika kumi na kutoka. Vitu ambavyo watu walikaa miaka wakivifukua kwa mwiko na brashi huachwa bila hata vibao vyake kusomwa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya makabati hayo. Kitu cha kale hakijielezi chenyewe. Kinaelezwa na mahali kilipopatikana, na tabaka la udongo lililokifunika, na vitu vilivyolala ubavuni mwake. Mgeni akishalijua hilo, hata kigae kisichofika ukubwa wa kiganja humpa habari nyingi, na asipolijua, hata bakuli zima la kifalme hubaki kuwa bakuli tu.

Hatua ya kwanza: hati, fedha na msimu

Anza mwezi mmoja kabla. Raia wa Tanzania avuke mpaka akiwa na pasipoti au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji, wala asitegemee kitambulisho cha taifa peke yake. Kila mtoto awe na hati yake, na kama safari ni ya shule, mwalimu abebe barua ya mkuu wa shule pamoja na idhini ya maandishi ya kila mzazi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi. Anayekwenda na gari lake ahakikishe ana kadi ya gari na bima inayotambulika upande wa pili, yaani ile Kadi ya Njano ya COMESA. Holili na Taveta ni kituo cha pamoja cha mpakani, kwa hiyo taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa katika jengo la nchi unayoingia, nawe usishangae ukiwakuta maofisa wa Tanzania na wa Kenya chini ya paa moja.

Chakula cha njiani kifungwe katika vikapu na vyombo, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na kwetu tangu 2019. Badilisha fedha mapema, na katika kundi lenu awepo walau mtu mmoja mwenye laini ya simu ya Kenya yenye salio au kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi, maana malipo mengi ya taasisi za serikali ya Kenya siku hizi hupitia huko. Viingilio hupangwa kwa makundi, na mkazi wa Afrika Mashariki hatozwi sawa na mtalii wa ng'ambo, basi onesha hati yako dirishani kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Kuhusu msimu, mimi hupendelea Julai hadi Septemba. Joto huwa limepungua, na masika yanakuwa yamepita. Sehemu kubwa ya ngome ni ua ulio wazi, na mvua ya pwani ikinyesha hapana pa kujificha isipokuwa katika vyumba ambavyo kila mtu amevikimbilia.

Hatua ya pili: daftari

Hatua hii watu wengi huiruka, nami naihesabu kuwa nusu ya safari. Nunua daftari dogo, na juma moja kabla ya kuondoka andika katika ukurasa wa kwanza miaka michache ya Mombasa. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipita hapo, akawakuta watu wanaokula ndizi na samaki na kusali katika misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika, na mji ulikuwa na umri wa karne kadhaa. Tarehe 11 Aprili 1593 Wareno waliweka msingi wa ngome, na kufikia 1596 ilikuwa imesimama. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa, India, na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliwageuka na kuiteka. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 Waomani waliizingira mpaka ikaanguka. Ukoo wa Mazrui ulitawala kutoka 1741 hadi 1837, alipoiingia Seyyid Said wa Zanzibar. Waingereza waliifanya gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Katika ukurasa wa pili andika habari za kwetu, kwa maana mtu hutazama vizuri zaidi kitu anachokiona kuwa kinamhusu. Barabara utakayoifuata inapita katika nchi ambayo misafara ya biashara iliipita kwa miguu. Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akitokea Rabai nje kidogo ya Mombasa, aliongozwa na Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri hadi akaiona theluji ya Kilimanjaro. Bwana Kheri hakuibahatisha njia hiyo, kwani wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuizoea. Baadaye, enzi za Mangi Rindi wa Moshi, misafara ilileta nguo, shanga na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu. Kwa hiyo unapoziona shanga za kioo katika kabati la Mombasa, jiulize ngapi za aina yake zilivishwa shingoni mwa mabibi zetu huku mlimani.

Kurasa zinazobaki ziache wazi, kila moja ukiandika juu yake maswali manne: Kimetengenezwa kwa nini? Kimepatikana wapi? Kilikutwa pamoja na nini? Kimechakaa wapi? Utayatumia.

Hatua ya tatu: njiani na usiku wa kwanza

Usijaribu kuondoka Moshi alfajiri, kutembelea ngome mchana, na kurudi usiku. Ondoka asubuhi, ingia Mombasa alasiri, pumzika, na uende makumbusho kesho yake milango inapofunguliwa saa mbili. Asubuhi joto halijapanda, na makundi makubwa ya shule bado yako njiani. Kifungua kinywa cha mahamri na mbaazi hupatikana kila kona ya mji, nacho kitakushikilia mpaka adhuhuri. Ngome iko mwisho wa Barabara ya Nkrumah, na dereva yeyote wa tuktuk anaijua.

Vaa viatu visivyoteleza, kwani ngazi na njia za mawe zimelainishwa na nyayo za karne nne. Mji wa Kale ni mji wa Waislamu, hivyo mavazi ya heshima yatakufungulia mazungumzo mengi kuliko kaptula.

Hatua ya nne: anza na kuta, lakini usikae sana

Ukishapita lango, inua macho usome jiwe lililo juu yake. Ni maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, yaliyochongwa kumsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, yakieleza jinsi alivyoitengeneza ngome na kuwatiisha watu wa pwani baada ya uasi wa 1631. Yasome kama unavyosoma barua ya mtu anayejisifu mwenyewe: yana ukweli fulani, na yana mengi yaliyoachwa makusudi. Jina la Yusuf bin Hassan na sababu zilizomfanya awageuke walezi wake huzipati katika jiwe hilo. Hili ni somo zuri la kwanza kuhusu mabaki ya kale, yaani kwamba maandishi husema kile mwandishi alichotaka, ilhali vigae vya jaani husema kile watu walichofanya.

Kisha zunguka ukuta mara moja. Mchoraji wa ngome alikuwa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, akimtumikia Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo aliitawala Ureno pia. Alifuata fikra ya wasanifu wa Ulaya wa zama zake kwamba umbo lenye uwiano kamili ni la mwili wa binadamu, na ukiitazama ramani ya ngome utaona kitu kama kiwiliwili chenye kichwa, mikono na miguu. Kuta zimekalia mwamba wa matumbawe na kujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Simama katika pembe mojawapo, utazame pembe ya pili, nawe utaelewa bila kuelezwa kwa nini kuta zimechomoza vile: askari aliye hapa anamwona adui anayepanda kule. Ubora wa mpango huo ni miongoni mwa sababu zilizoifanya UNESCO iiingize ngome katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Nusu saa inatosha. Ingia ndani kabla jua halijakuchosha.

Hatua ya tano: mbele ya makabati

Usitazame kila kitu. Pita kwanza chumba kizima taratibu bila kuandika, kisha rudi uchague vitu vitatu tu: chombo kimoja cha udongo cha wenyeji, kimoja cha kauri kilichotoka ng'ambo, na kitu kimoja kidogo kama shanga au sarafu. Kila kimoja kipe dakika kumi na ukurasa wake wa daftari. Dakika kumi mbele ya chungu kimoja huonekana nyingi mpaka utakapozijaribu.

Nianze na vyungu, kwa sababu ndivyo vinavyorukwa. Katika karibu kila mji wa kale wa pwani uliochimbuliwa, vigae vya vyungu vya wenyeji ni vingi mno kuliko vile vya kigeni, lakini mgeni hukimbilia bakuli la Kichina linalong'aa. Tafuta chungu au kigae chenye mistari iliyochanjwa shingoni kwa umbo la pembetatu. Ufinyanzi wa aina hiyo, wa takribani karne ya 7 hadi ya 10, umepatikana kutoka kaskazini mwa Kenya hadi Msumbiji, na umepatikana bara pia. Wataalamu wa zamani waliwahi kuamini kwamba miji ya pwani ilianzishwa na wageni waliovuka bahari. Vyungu hivi ni miongoni mwa ushahidi ulioiangusha imani hiyo, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa waliovishughulikia kwa kina, akionesha kwamba vina asili katika ufinyanzi wa wakulima na wahunzi wa Kiafrika waliokuwapo kabla. Katika mji wa Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe na kukuta misikiti mingine midogo iliyotangulia, ya awali kabisa ikiwa ya miti, na kilichobaki ni alama za mashimo ya nguzo udongoni. Hapo maneno ya Ibn Battuta kuhusu misikiti ya mbao yanapata mwili. Mbao huoza, na jengo lililokuwa fahari ya mji hubaki duara la udongo mweusi ambalo mchimbaji mwenye haraka angelikata kwa jembe bila kujua.

Mbele ya chungu chako, basi, tazama masizi. Yako nje au ndani? Yakiwa nje, kilipikiwa. Tazama mdomo: ukiwa mwembamba wenye shingo ndefu, yaelekea kilihifadhi maji, ukiwa mpana, mkono uliingia kuchota. Bibi yeyote wa kijijini atakuelewesha hayo kuliko mimi, na ukisafiri na mama mzee mwombe akae karibu na kabati hili. Mama yangu mkubwa, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, ndiye aliyenionesha kwamba chungu kimoja kilikuwa kimelika upande mmoja wa mdomo, akasema, "Huyu alikuwa akikwangua kwa upawa, na mkono wake ni huu wa kulia."

Chombo cha pili ni kauri. Lugha yetu imeliweka neno hilo juu ya vitu viwili, yaani kombe dogo la baharini linalong'aa na chombo cha Kichina kinachong'aa, na mbele ya kabati utaona kwamba mng'ao ndio uliowaunganisha. Vyombo vya rangi ya kijani hafifu, mithili ya jani changa la mgomba, vingi vilitoka tanuu za Longquan nchini China, hasa karne ya 13 hadi ya 15. Vyeupe vyenye michoro ya buluu vilipata rangi yake kutoka madini ya kobalti yaliyopakwa chini ya mng'aro kabla ya kuchomwa kwa moto mkali, na ndiyo maana rangi haijafutika hata baada ya kuzikwa karne nyingi. Mitungi mikubwa ya buluu-kijani ilitoka nchi za Ghuba na Uajemi, na baadhi yake ni ya zamani kuliko hivyo vya China. Ukiruhusiwa kukiona chombo kwa chini, tazama kitako, kwa sababu wafinyanzi wengi hawakupaka mng'aro hapo, na udongo wenyewe huonekana: mweupe kabisa, au wa kijivu, au mwekundu.

Usiishie kusema kwamba Waswahili walikuwa matajiri wakanunua vyombo vya China. Uliza vilikuwa vimekaa wapi. Bakuli nyingi hazikuliwa chakula. Zilipangwa katika zidaka za ukutani nyumbani, na nyingine zilijengewa kabisa katika makaburi ya nguzo na kuta za misikiti, ambako zilionwa na kila mpita njia. Kigae kilichokutwa jikoni kati ya mifupa ya samaki na kigae kilichong'olewa kaburini huweza kutoka katika bakuli za aina moja, na bado habari zake ni mbili tofauti.

Kwa kitu cha tatu mimi huchagua shanga. Ushanga uliokatwa kutoka mrija mrefu wa kioo uliovutwa una viputo vya hewa vilivyolala sambamba na tundu, na ule uliotengenezwa kwa kuzungusha kioo kilichoyeyuka kwenye waya una viputo vinavyolizunguka tundu. Kwa njia hiyo, pamoja na kupima madini ya kioo, wataalamu huweza kutofautisha shanga za India na zile zilizokuja baadaye kutoka Venice. Kwa sarafu, kumbuka kwamba mwaka wake ni mwaka wa kutengenezwa tu. Mwaka 2013 katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, ilipatikana sarafu ya Kichina ya Mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Sarafu hiyo inatuhakikishia kwamba haikudondoka hapo kabla ya utawala wake, wala haituambii ilipita mikono mingapi baada yake.

Hatua ya sita: meli iliyozama

Kama una muda wa kuona kitu kimoja tu katika ngome nzima, kiwe hiki. Wakati wa mzingiro wa 1696 hadi 1698, Wareno walituma msaada kutoka Goa. Miongoni mwa meli zilizokuja ilikuwamo merikebu ya kivita Santo António de Tanná, iliyojengwa India mwaka 1681. Oktoba 1697 ilizama chini ya kuta hizi hizi, karibu kiasi kwamba kutoka juu ya ukuta unaweza kupatazama mahali ilipolala. Ndani ya ngome njaa na maradhi viliendelea kuwamaliza askari wa Kireno pamoja na Waswahili wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, waliokuwa upande wao, na mwaka uliofuata Waomani wakaingia.

Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimbua meli hiyo chini ya bahari. Walitumia fremu zilizogawa sakafu ya bahari katika miraba, kila kitu kikaandikwa mraba kilimotoka kabla hakijainuliwa. Walipandisha mitungi, vyombo vya kauri, mizinga, vifaa vya mbao na vitu vya mabaharia, lakini gofu lenyewe waliliacha na kulifunika tena kwa mchanga, kwa kuwa mbao zilizokaa majini karibu miaka 280 zikikauka upesi hunywea na kupasuka. Hata vile vidogo vilivyoletwa juu vililazimika kulowekwa katika maji yasiyo na chumvi kwa muda mrefu, kisha kutiwa dawa ya kushikilia nyuzi za mti, ndipo viruhusiwe kukauka.

Sasa rudi kwenye daftari lako. Mjini, tabaka la udongo hukusanya vitu vya miaka hamsini au mia, na mchimbaji hukisia. Melini, kila kitu kilikuwa kinatumika au kinasafirishwa siku ile moja. Kwa hiyo mtungi uliotoka humo una tarehe ambayo hakuna anayeweza kuibishia, na mtungi wa aina hiyo hiyo ukipatikana kesho katika shimo la taka la Kilwa au Pangani, mtaalamu atautumia wa Mombasa kama saa ya kuupimia. Wafafanulie vijana jambo hili mkiwa mmesimama mbele ya kabati, nao wataelewa kwa nini kitu kilichookotwa na kuuzwa bila habari zake kimepoteza nusu ya thamani yake kwa elimu.

Hatua ya saba: vyumba vilivyobaki

Michoro ya askari wa Kireno, iliyochorwa kwa makaa na rangi ya udongo mwekundu, inaonesha meli, watu na samaki. Si kazi ya mafundi, bali ya vijana waliochoka kungoja, na kwa sababu hiyo ina ukweli ambao jiwe la langoni halina. Nyumba ya Waomani ina vyombo, mapambo na samani za nyumbani, na kutoka barazani mwake bahari inaonekana vizuri. Mabaki ya kanisa, kisima na tangi la maji yatazame ukielekea nje. Ya enzi za gereza usiyapite bila kutafakari, kwani watu wengi waliteswa humo, na baadhi ya waliofungwa bado wana watoto mjini.

Picha piga pale tu panaporuhusiwa, na uzime taa ya kamera, ambayo huumiza rangi za vitambaa na michoro na humrudishia mpigaji mng'ao wa kioo. Ukimkuta mlinzi au mtembezaji mzee, mwamkie shikamoo, ukae naye kidogo kabla ya kuuliza. Swali linalofungua kinywa cha mtu wa kazi hiyo si "Kitu hiki kina miaka mingapi?" bali "Mzee, hiki kilitolewa wapi, na nani alikuwepo?"

Ukiwa na kundi la shule, usizidishe wanafunzi kumi kwa kila mtu mzima, na wagawe ili wasijazane katika chumba kimoja. Mpe kila mwanafunzi kitu kimoja tu cha kuchora kwa penseli. Anayechora hulazimika kutazama mdomo, kitako na ufa, na jioni kila mmoja atakieleza kitu chake mbele ya wenzake.

Hatua ya nane: Mji wa Kale, na usichopaswa kununua

Mchana tembea Ndia Kuu kwa miguu. Milango ya kuchongwa na mabaraza yatakuonesha vitu ulivyoviona makabatini vikiwa bado kazini. Nunua kashata, kahawa, vikapu na kazi mpya za mafundi kadiri ya mfuko wako. Lakini mtu akikunong'oneza kwamba ana sarafu ya kale au bakuli lililotoka baharini, mkatalie kwa adabu. Ikiwa ni bandia, umeibiwa. Ikiwa ni halisi, umemsaidia mtu kuharibu mahali ambapo pangeweza kusomwa. Vilevile, kigae unachokiona ufukweni au katika magofu kiache hapo kilipo, hata kama watoto wanakililia. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006 inavilinda vitu hivi, kama inavyofanya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kwetu Tanzania.

Mwenye siku ya ziada aende Gedi, takribani kilomita 100 kaskazini, ndani ya msitu. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapo kabla ya kuichimba Ngome ya Yesu yenyewe, na kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Tangu 2024 ni Urithi wa Dunia pia. Kuyaona magofu baada ya makabati ni bora kuliko kabla yake, kwa sababu utatembea katika vyumba vya mawe ukijua ni vyombo gani vilipangwa katika zidaka zake.

Hatua ya tisa: ukirudi nyumbani

Usiku wa siku ile ile soma ulichoandika na ujaze mapengo, kwa kuwa baada ya siku tatu hutakumbuka masizi yalikuwa upande gani. Kisha, ukifika Moshi, tafuta katika nyumba yenu kitu kimoja cha zamani: ushanga wa bibi, kibuyu cha mbege, sarafu ya rupia ya enzi ya Wajerumani, jembe la kufuliwa na wahunzi. Mkalishe aliye mkubwa kuliko wote, umuulize maswali yale yale manne. Andika majibu yake katika karatasi ngumu kwa wino usiofutika, pamoja na jina lake, kijiji na tarehe, na ukifungie kitu hicho pamoja na karatasi hiyo katika sanduku moja, mahali pakavu.